Askari Ndani ya Plastiki

Ukiingia Mpofi kwa barabara ya kutoka Kibua, kabla hujalifikia soko unaikuta mbao ya Kavuo, mama muuza kahawa. Zamani ilikuwa ubavu wa Fuso moja lililopinduka mteremkoni. Lori lilioza palepale, lakini mbao iliokolewa ikageuzwa kuwa kiti kirefu, na maandishi mekundu ya dereva bado yanasomeka juu yake: MUNGU ANAJ. Hapo yanakatika, maana kipande kilichobaki kilikwenda kuwa mlango wa choo cha jirani. Juu ya maandishi hayo hukaa wenye mji kila asubuhi, wakinywa kahawa ambayo Kavuo huletewa na ndugu zake kutoka Butembo, na kubishana mpaka termosi iishe. Yuko Jacques, fundi wa redio na simu, aitwaye Ingénieur ingawa hakuna aliyewahi kuiona shule yake. Yuko Omer, convoyeur, msindikizaji wa mizigo ya malori, aitwaye Avocat, yaani wakili, kwa sababu hakuna barrière, kizuizi cha barabarani, ambayo mdomo wake ulishindwa kuivuka. Yuko Magloire, aliyechimba madini kule Bisie siku zile za nyundo na mikono, na mpaka leo jina lake ni Bisie. Na yuko Papa Marcellin, katekista, mtu wa sala na mtu wa timbre, zile stempu za posta, ndiyo maana mji mzima unamwita Papa Timbre. Habari hii ni yake. Iliisha vizuri, Mungu asifiwe. Lakini asubuhi ile yeye hakuwa na habari kwamba itaisha vizuri.

Alikuja, akakaa pembeni, akakataa kahawa. Kavuo, aliyekuwa anasuuza vikombe katika beseni, akanyoosha mgongo.

— Papa Timbre, uko mugonjwa?

— Siko mugonjwa, Mama Kavuo.

— Muntu anakataa kahawa yangu na haiko mugonjwa? Basi kuko muntu alikufa.

— Hapana. Ni askari tu.

Omer akaruka kama aliyeketi juu ya siafu.

— Askari? Banafika wapi? Iko ba upande gani?

— Kaa chini, Avocat. Haiko hao.

Marcellin aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kinachong'aa, akakilaza juu ya magoti kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto mwenye homa. Ilikuwa bahasha ya zamani, karatasi yake imegeuka rangi ya chai. Pembeni ilikuwa na timbre mbili za Kongo ya Wabelgiji, kila moja na kichwa cha askari wa kale anayetazama upande. Juu yake mhuri wa posta ya vita, na chini utepe wa karatasi waliobandika wale waliofungua barua za watu ili kuzisoma kwanza. Na yote hayo, askari, mhuri na utepe, yalikuwa yamefungwa ndani ya plastiki ngumu inayong'aa, kama kadi ya uchaguzi.

— Ayi! akasema Jacques. Uliplastifiye anvelope ya Mama Emérence!

Wote waliijua bahasha ile. Mama Emérence ni mjane, mlimaji wa maharagwe kutoka milima ya Masisi, ambaye vita vilimsukuma mpaka Kibua. Babu yake, Nzabandora, alibeba machela ya majeruhi katika vita vikuu vya wazungu, akafika mpaka Misri, na kutoka huko akamwandikisha mtu barua, ikaja mpaka misioni. Barua yenyewe ilipotea zamani sana. Bahasha ikabaki, na familia ikaishika kama watu wengine wanavyoshika kaburi.

Na Marcellin alikuwa mgonjwa wa timbre tangu ujana, tangu alipokuwa akifagia sebule ya misioni na padri mmoja mzee akimchania pembe za bahasha zilizotoka ng'ambo. Alizipanga katika kurasa za misale yake kuukuu mpaka misale ikavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Za maua alikuwa nazo, za wafalme, za samaki. Ya vita hakuwa nayo hata moja. Siku alipoiona ile ya Emérence alipiga picha kwa simu, akamtumia Frère mmoja, mtawa wa Bukavu, ambaye naye ana ugonjwa uleule. Jibu lilirudi haraka: bahasha nzima iliyotembea vitani ni adimu kuliko timbre mia zilizobanduliwa; isiloweshwe, isitiwe gundi, na kwa upendo wa Mungu isitiwe plastiki. Vitobo vidogo vya pembeni, Frère aliongeza, ni kazi ya mdudu, si neno.

Basi akamwomba Mama Emérence amwachie bahasha mpaka siku ya soko, apate kuitazama kwenye mwanga mzuri. Mama akakubali, kwa kuwa aliyeomba ni katekista. Na hapa isemwe wazi, maana yeye mwenyewe amekwisha kusema mbele ya padri: kila jioni alipoitazama, moyo wake ulisema "yangu". Mwanzo ulisema polepole. Baadaye ulisema bila kuona haya, hata wakati wa rozari.

— Sasa nani alikufanyia hivi? aliuliza Kavuo.

— Miye mwenyewe.

— Weye? Weye unatukatazaka ata kupumua karibu na timbre?

— Niliogopa bezi. Nikasema, bezi hawaibake carte ya ubatizo. Nikaificha katikati ya ma-carte ya bakristu ya shirika letu.

— Akili hiyo, akasema Magloire.

— Kisha Yves, ule mwenye kutiaka makaratasi mu plastiki, akatangaza kama mashini yake imepata kurani ya umeme. Munajua vile bantu wetu banapenda carte ya ubatizo iingie mu plastiki, juu ya kukimbia-kimbia hii. Nilikuwa naenda ku mazoezi ya koro, kwaya yetu. Nikamupa Yves paketi nzima. Nikasema, fanya yote.

— Na akafanya yote, akasema Jacques.

— Akafanya yote.

— Hakuona kama hii haiko carte ya ubatizo?

— Aliona. Anasema alizania huyu wa ku timbre ni mutakatifu fulani alikuwaka askari.

Magloire akacheka, kisha akaona uso wa katekista, akakimezea kicheko chake ndani ya kikombe.

— Na Mama Emérence anakuya lini? akauliza Omer.

— Leo iko soko. Akimaliza kuuza maharagwe anapita hapa kuichukua.

Wote wakageuka kutazama barabara ya soko. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kurudi na magunia matupu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya msitu.

— Bon, akasema Jacques, akiweka kikombe chini. Hii ni kazi ya ufundi. Tusiilie. Mashini ya Yves inafungaka na nini? Na moto. Donc tunarudisha moto, plastiki inalegea, tunaivuta polepole kama ganda ya ndizi.

— Na karatasi? akauliza Kavuo.

— Karatasi inabaki inatuangalia.

— Ingénieur, redio yangu ulisema vilevile. Mupaka leo inashika tu sauti ya mvua.

— Redio yako ilikuwa na roho mubaya.

Magloire akatikisa kichwa kwa dharau ya mtu aliyewahi kwenda chini ya ardhi.

— Moto haiweze. Ku Bisie tulikuwa tunakuta kasiteriti, ile madini ya bati, imeshikamana na jiwe, huwezi kujua wapi inaanzia. Unatumia moto? Hapana. Unatafuta kitu inakula moja inaacha ingine. Asidi ya betri. Inakula plastiki, inaacha karatasi.

— Asidi itajuaje kama hii njo plastiki na hii njo karatasi? akauliza Kavuo. Inasomaka?

— Mama Kavuo, weye unajua kahawa. Tuachie ya madini.

— Timbre iko madini tangu lini?

Omer alikuwa amenyamaza, na Omer akinyamaza ni kwamba anaandaa hotuba. Akasimama, akavuta suruali juu.

— Munapoteza wakati. Haiko kitu ya kufungua, iko kitu ya kueleza. Mama akifika, muniachie. Nitamwambia: Mama, kuko amri mupya. Karatasi yote ya vita ya zamani inapashwa kuvaa plastiki.

— Sitasema uongo, akasema Marcellin.

— Weye hutasema. Miye njo nitasema.

— Hapana, Omer.

— Basi tuseme ukweli mwingine. Huyu askari wa timbre, munamuona? Hana jina, hana kikosi. Siku moja Mama anafika ku barrière, banamupekua, banauliza: huyu iko wa upande gani? Akisema ni wa wazungu, shida. Akisema hajui, shida mara mbili. Donc katekista alimufunga askari ndani. Ni mufungwa. Hakuna muntu anauliza mufungwa.

— Unasikia hii kichwa? Kavuo alimwuliza Mungu, akitazama juu.

— Na sijamaliza! Muangalie hii utepe. Inasema kama barua ilifunguliwa na bakubwa ba vita. Bale bakubwa balikufa, lakini dossier, faili yabo, haikufungwa. Tukiifungua tena hapa Mpofi, juu ya mbao, na pasi ao na asidi, vita ile inafunguka tena mu makaratasi. Banaweza kutuita sisi banne ku tribinali ya mataifa.

— Batano, akasema Magloire. Kavuo njo mwenye mbao.

— Miye siko mule!

Marcellin aliwasikia kama mtu anayesikia ngoma za kijiji cha ng'ambo. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa rozari mfukoni. Jambo lililomchoma halikuwa uadimu wa bahasha tena. Alikuwa anaona uso wa Mama Emérence siku alipompa, alivyoifungua kutoka katika kitambaa, kisha kitambaa kingine, kisha kipande cha mfuko wa chumvi, na alivyosema neno moja tu: "Chunga." Sasa atamwambia nini? Kwamba Mungu alimwona akitamani, akampiga kwenye kidole kilichotamani? Alilisadiki hilo kabisa. Lakini kwa nini kipigo kimwangukie na mama wa watu?

— Lakini kuko kitu mubaya zaidi, akasema Magloire kwa sauti ya chini, na wote wakainama. Timbre ya zamani ilikuwa inabandikwaka na nini?

— Na mate, akasema Jacques.

— Mate ya nani?

— Ya mwenye kutuma.

— Voilà. Nzabandora alilamba hizi timbre. Mate yake iko mule chini, imekauka inangoja. Nilisikia ku Bisie, muzungu mumoja wa ma-drill alisema: sasa banatoshaka muntu muzima mu mate. Banachukua kidogo, banaweka mu mashini, muntu anatoka.

— Anatoka na nguo? akauliza Kavuo.

— Usicheke, Mama Kavuo! Katekista hakufunga anvelope. Alifunga babu ya bantu. Sasa hivi iko mule, anagonga, hatumusikie.

Ni upuuzi, Marcellin alijua ni upuuzi, lakini macho yalimshuka yenyewe mpaka kwa yule askari wa timbre, na kwa kitambo kidogo alimwona kama mtu aliyeshikiwa pumzi.

— Lete pasi, akasema.

Hakuna aliyeamini kwamba ni yeye aliyesema. Jacques aliondoka mbio kabla katekista hajabadili nia, akaenda kwa Adelaïde, fundi wa nguo wa nyumba ya tatu, akarudi na pasi ya makaa ikitoa moshi kama lori bovu. Kavuo alipoona hivyo akaweka mikono kiunoni.

— Muanzie juu ya kitu ingine! Mufanye jaribio kwanza! Ao akili yenu yote iliingia mu plastiki?

Hilo lilikuwa neno la haki. Wakatazamana. Omer, kwa moyo mkuu wa mtu asiyeamini kwamba jambo baya linaweza kumpata, akatoa mfukoni carte yake ya chama cha convoyeurs, yenye picha yake akiwa na tai aliyoazima.

— Hii. Yves aliifanya vilevile. Lakini polepole, Ingénieur.

Jacques akaweka kitambaa, akaweka pasi, akahesabu kwa midomo, akainua. Harufu ilikuwa ya kwanza kufika. Kisha wakaona. Plastiki ilikuwa imejikunja kama jani la muhogo jikoni, na picha ilikuwa imekwenda nayo: jicho moja la Omer lilipanda kwenye nywele, na mdomo ukavutwa mpaka karibu na sikio.

Kavuo aliitwaa, akaitazama kwa muda.

— Sasa njo inafanana na weye. Mbele walikuwa wamesahau urefu wa mudomo.

Hata Marcellin alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. Lakini mikono yake ilikwisha kuirudisha bahasha kifuani, na moyo wake ulikwisha kuamua. Hakuna pasi, hakuna asidi, hakuna Omer. Atasema.

— Muliamuka, ba Papa?

Alikuwa amefika. Mwanamke mfupi, gunia tupu limekunjwa kichwani, miguu ina tope la soko mpaka magotini. Wenzake wa Kibua walikuwa wamemtangulia, migongo yao inaonekana mbele barabarani.

— Tuliamuka, Mama, wakajibu wote kwa pamoja, na wote wakaficha kitu: Jacques pasi nyuma ya miguu, Omer carte mfukoni, Magloire macho yake.

— Maharagwe iliuzika? akauliza Kavuo, ili pasiwe kimya.

— Iliuzika. Mungu ni mwema. Papa Katekista, nilikuya juu ya kile kitu. Niende mbele mvua haijanikamata.

Marcellin akasimama. Alikuwa ameandaa maneno, na maneno yote yakaondoka.

— Mama Emérence, nilikukosea. Uliniambia nichunge. Niliitia mu paketi ya ubatizo, nikaipeleka kwa Yves bila kuangalia, na... Angalia mwenyewe. Haiwezi kutoka tena. Tulitaka kuitosha. Haiwezekane. Unisamehe, Mama. Na kosa haiko ya Yves.

Akampa kwa mikono miwili.

Mama Emérence aliipokea. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akaigonga kwa ukucha, ikalia ko, ko. Akainusa. Akaikunja kidogo, nayo ikanyooka yenyewe. Uso wake haukusema kitu, na kwa Marcellin ule uso usiosema kitu ulikuwa mrefu kuliko Kwaresima.

— Maji inaweza kuingia? akauliza.

— Hapana, Mama, akasema Jacques. Ata tone. Ile ni plastiki ya kweli.

— Ata ikilala mu maji?

— Ata ikilala.

Mama akapiga hatua mbili mpaka kwenye beseni la Kavuo, lenye maji ya vikombe na povu la sabuni, akaitumbukiza bahasha yote, mkono mpaka kiwiko.

Walipiga kelele wote. Omer aliita jina la Yesu, Magloire aliita jina la mama yake, Jacques akaiangusha pasi na makaa yakatawanyika chini. Marcellin hakupiga kelele. Alifumba macho.

Alipofumbua, Mama Emérence alikuwa ameinyanyua, anaifuta kwa pembe ya kitenge, upande mmoja na mwingine. Akaiinua kwenye mwanga. Timbre mbili kavu. Mhuri mkavu. Askari anatazama upande, wala hajashtuka.

Ndipo alipocheka. Alicheka mpaka gunia likamdondoka kichwani.

— Papa Katekista! Na weye uko naomba samahani?

— Mama...

— Uko naomba samahani ya nini? Kaa. Ukae chini.

Akakaa. Mama naye akakaa, juu ya lile neno MUNGU, bahasha pajani.

— Muone hapa, akasema, na akawaonyesha pembe yenye vitobo. Munajua hii ni nini?

— Frère wa Bukavu anasema ni mududu, akajibu Marcellin.

— Mududu iko miye.

Hawakuelewa. Akafungua kinywa, akagusa meno yake ya mbele kwa kidole.

— Ile siku tulikimbia ku mulima, tulikuta muto imejaa. Maji inanifika hapa, ku kifua. Mutoto mudogo mugongoni, mukono moja imeshika kamba, mukono ingine imeshika mutoto mwenye kumufuata. Anvelope nitaitia wapi? Ku kifua, italowa. Ku kichwa, kuko sufuria. Baba yangu aliniambia, hii usiache. Njo nikaiuma. Nikavuka nayo mu meno.

Kavuo aliacha kufuta kikombe.

— Sasa mukubwa wangu, Shekinah, alikuwa nyuma ku kamba. Akaanza kuniita. Mama! Mama! Aliogopa maji, alitaka tu kusikia sauti yangu. Nikifungua kinywa, anvelope inaenda na maji. Sikujibu. Aliniita mupaka ng'ambo, sikujibu.

— Alivuka? akauliza Omer, na sauti yake haikuwa ya avocat.

— Alivuka. Mungu alimuvusha. Leo iko musichana mukubwa, utamuona ku misa. Lakini mupaka sasa akikasirika na miye, ananiambiaka: siku ile ya muto ulinyamaza. Na tangu ile siku mvua ikinyesha silalake vizuri. Naamuka, napapasa, nauliza: imelowa? Najiuliza tena: siku ingine nitauma hii, ao nitajibu mutoto?

Akaigonga tena kwa ukucha. Ko, ko.

— Sasa inakwisha. Nitaifunga mu kiuno kama kisu. Muto ijae namna inataka. Kinywa yangu itabaki ya kuita batoto.

Marcellin alijisikia kama mtu aliyebeba gunia la mihogo kutoka Kibua mpaka Mpofi, na mtu asiyemjua amekuja nyuma akamtua. Alitaka kushukuru na hakujua amshukuru nani kwanza, Mungu, Yves, au umeme wa siku ile. Akaitazama bahasha, na ndipo akagundua jambo lingine: moyo ulikuwa umenyamaza. Ile sauti ya "yangu" haikuwapo. Aliitafuta kidogo, kama mtu anavyotafuta kwa ulimi jino lililong'olewa, akakuta nafasi tu.

Lakini Omer ni Omer.

— Mama, nisikuzuie furaha. Lakini ukweli isemwe. Mbele, ile anvelope ilikuwa kitu ya heshima kubwa. Bale bantu banakusanya timbre, kule Ulaya, banaiwekaka mu sanduku, banaiangalia na kioo. Sasa vile iko mu plastiki, kwa bo imekufa. Si vile, Papa Timbre?

— Njo vile, akasema Marcellin. Kwa bo imekufa. Frère alinikataza kabisa.

Mama Emérence aliwaza. Hakuwa na dharau. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujifunza kwa wanaojua.

— Na bo, vita ikifika kwabo, banaikimbizaka mu nini?

Magloire akakuna shingo. Omer akatazama barabara, kana kwamba jibu linakuja na lori linalofuata. Marcellin, ambaye mji mzima ulimtegemea kwa mambo ya timbre, alipitisha akilini misale yake nzima, maua, wafalme na samaki, na hakuona kitu.

— Sijue, Mama, akasema. Hatukuulizaka.

— Basi mukijua mutaniambia.

Akasimama, akaokota gunia lake, akaikunja pembe ya kitenge, akaifunga bahasha kiunoni kwa fundo mbili. Matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati. Kavuo akamwambia angoje chini ya paa. Akakataa, wenzake wanamwacha.

— Mama Kavuo, akasema Marcellin, na alishangaa kusikia njaa katika sauti yake. Sasa unaweza kunipa kahawa.

Kavuo akainua termosi, akaitikisa, akaipindua juu ya kikombe. Likatoka tone moja, likafikiri, likaanguka.

— Tangu asubuhi nakubembeleza! Imeisha.

Katekista akacheka. Akacheka vizuri, mgongo ukiegemea ukuta, mpaka Jacques naye akaanza, na Magloire, na mwishoni hata Omer, ambaye alikuwa ameitoa carte yake na kuitazama.

— Yves iko na plastiki ingine kweli? alikuwa akiuliza. Ku barrière nitaonyesha uso gani?

Mvua ilikuwa imekwisha kushuka yote, na walikuwa wanamtazama Mama Emérence akienda katikati ya barabara, gunia juu ya kichwa, bila kukimbia. Wenzake walikuwa mbali, karibu kuipinda kona. Akaweka mkono mmoja juu ya fundo la kitenge, wa pili kando ya kinywa, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mbao na kuipita:

— Muningojeeee! Niko nakuya!

Na kutoka kwenye kona, wakamjibu.